Kutoka IBIS hadi SPICE: Mwongozo kwa Fundi wa Awindiri

Ukichora bodi ya saketi Awindiri, haitatengenezwa Awindiri, wala Arua nzima, wala Koboko. Faili linatumwa nje, mara nyingi China. Bodi inachongwa huko, inashukia Entebbe, inapita kwa watu wa ushuru, kisha inapanda basi kuja huku kwetu, zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala. Aliye jirani na kiwanda anaweza kubahatisha, na akikosea ataagiza nyingine wiki hiyohiyo. Kwako wewe kosa moja la mstari mmoja linaweza kula mwezi. Hata wahandisi watatu wa Uganda waliounda PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya nchi yetu, waliifanyia kazi Japani, katika Kyushu Institute of Technology, penye maabara na vifaa vya kupimia, mpaka iliporushwa Novemba 2022. Fundi aliyebaki nyumbani maabara yake ni kompyuta, na ndiyo maana uigaji wa saketi una faida kubwa zaidi Arua kuliko Shenzhen.

Kikwazo huja mapema. Mtengenezaji wa chipu anakupa modeli ya aina moja, programu uliyonayo inataka aina nyingine, na kebo uliyoipima inatoka na faili la aina ya tatu. Mwongozo huu unahusu kuvuka kati ya aina hizo ili ujue kama ishara itafika upande wa pili ikiwa nzima.

Kabla hujageuza faili lolote, hakikisha kazi yako inalihitaji. Kwenye bodi ya kawaida ya FR-4 ishara husafiri kama sentimita 15 kwa nanosekunde. Kwenye kebo ni kama sentimita 20, yaani kila mita inachukua nanosekunde 5. Mwangwi, yaani sehemu ya ishara inayorudi nyuma, unaanza kuwa na madhara pale ambapo muda wa kwenda na kurudi unakaribia au kuzidi muda ambao chipu inatumia kupandisha volti kutoka chini hadi juu.

Chukua kazi ambayo mafundi wa sola wanaijua: kuunganisha inveta na betri za lithiamu kwa RS-485. Unavuta waya wa Cat5 mita 30 kutoka chumba cha betri. Ishara inafika baada ya nanosekunde 150. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti moja inadumu maikrosekunde 104, karibu mara 700 ya muda huo. Cat5 ina impedansi ya ohm 100, na rezista ya mwisho ya RS-485 kwa kawaida ni ya ohm 120. Kinachorudi nyuma ni 20 kwa 220, yaani asilimia 9. Kitakuwa kimekufa zamani kabla kipokezi hakijasoma biti. Mawasiliano yakigoma hapo, angalia kama waya A na B zimegeuzwa, angalia ethi, angalia namba ya kifaa kwenye mipangilio. Modeli haitakusaidia.

Chipu ya jamii ya 74LVC ni habari nyingine. Inaweza kupanda kwa nanosekunde moja au mbili, na mstari wa sentimita 15 kwenye bodi unakula nanosekunde 2 kwenda na kurudi. Hapo hata saa ya megahezi 1 itakusumbua, kwa sababu kinachohesabiwa ni ukali wa ukingo. Idadi ya mapigo kwa sekunde haikuokoi. Mwangwi ukigonga katikati ya ukingo, kipokezi kinaweza kuhesabu pigo moja kama mawili, na utakaa usiku kucha ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Sasa tuangalie mafaili yenyewe. SPICE ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inaeleza saketi kipande kwa kipande: transista hii, rezista ile, na mlinganyo wa kila moja. IBIS, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1993 kwa msukumo wa Intel, inanyamaza kabisa juu ya kilichomo ndani ya chipu. Inasema tu pini inavyojibu ikiguswa: kwa volti hii mkondo ni huu, na baada ya muda huu volti ni hii. Watengenezaji waliipokea vizuri kwa sababu mteja anapata tabia ya chipu bila kuona siri ya kiwanda. Touchstone, ile aina ya tatu, haijui chipu wala transista. Ni safu za namba, masafa baada ya masafa, zikionyesha wimbi kiasi gani limepita na kiasi gani limerudi.

Ukiyaelewa hayo, utajua pia kisichowezekana. Hakuna programu itakayokutolea transista kutoka kwenye faili la IBIS, kama vile picha ya ng'ombe haikamuliwi. Unachopata ukigeuza IBIS kuwa SPICE ni saketi ya kuiga, inayofanana na chipu kwenye pini tu, na kwa hali tatu tu za joto na volti zilizoandikwa kwenye safu za typ, min na max. Kwa kuchunguza mwangwi hiyo inatosha. Kwa kujua chipu inakula umeme kiasi gani, usiitumie.

Njia fupi ipo, na wengi wenu muishie hapo. KiCad, programu ya bure ya kuchorea bodi, tangu toleo la 7 la Februari 2023 inasoma IBIS yenyewe na kuigeuza kimyakimya kwa ajili ya ngspice, kiigaji kilichomo ndani yake. Unachukua faili lenye mwisho wa .ibs kwenye ukurasa wa chipu yako kwa mtengenezaji; Texas Instruments, kwa mfano, huyaweka hadharani kwa chipu zake nyingi. Ni maandishi matupu, hayali bando. Kwenye KiCad unalipachika kwenye alama ya chipu, unachagua pini, unachagua modeli, kisha unaamua kama pini itasikiliza au itatuma mapigo. Unachagua pia safu: typ, min au max. Fanya zote tatu. Bodi iliyopita kwa typ peke yake haijapita.

Kabla ya hapo, pitisha faili kwenye ibischk, kikaguzi rasmi kinachotolewa bure na watu wa IBIS. Usishangae kikilalamika hata juu ya faili la kampuni kubwa. Malalamiko kwamba jina la faili halilingani na lililoandikwa ndani hutokea mtu akilibadili jina wakati wa kulihifadhi, lirudishe, yaishe. Malalamiko ya kuogopa ni yale yanayosema mwisho wa jedwali la wimbi haukubaliani na majedwali ya mkondo. Maana yake faili linajipinga lenyewe, na hakuna ugeuzaji utakaolitibu.

Njia ndefu ni kugeuza kwa mkono. Utaihitaji kama kiigaji chako hakisomi IBIS, au kama unataka kujua KiCad imefanya nini nyuma ya pazia. Fungua faili kwa kihariri chochote cha maandishi. Utakuta jedwali la Pulldown, la Pullup, mawili ya diodi za ulinzi yaitwayo GND Clamp na POWER Clamp, thamani ya C_comp ambayo ni kapasitensi ya kipande cha silikoni, halafu Ramp na pengine Rising Waveform na Falling Waveform. Kila jedwali la mkondo linakuwa chanzo kimoja cha mkondo. Kwa ngspice, kwa chipu ya volti 3.3, na namba za mfano tu (ku na kd nitazieleza hapo chini):

Bpd pini 0 I=V(kd)*pwl(V(pini), -3.3,-0.10, 0,0, 0.4,0.024, 3.3,0.09, 6.6,0.09)

Bpu pini vcc I=V(ku)*pwl(V(vcc)-V(pini), -3.3,0.10, 0,0, 0.4,-0.024, 3.3,-0.09, 6.6,-0.09)

Kwenye LTspice neno pwl ndani ya chanzo B linakuwa table. Itazame vizuri mistari hiyo miwili. Wa kwanza unapima volti kutoka ethi. Wa pili unapima kutoka Vcc kushuka chini, kwa sababu hivyo ndivyo IBIS inavyoandika Pullup na POWER Clamp: namba ya volti kwenye jedwali ni Vcc kutoa volti ya pini. Ukisahau, chipu yako itasukuma pale inapotakiwa kuvuta, na wimbi litakaa mahali pa ajabu hata kabla hujaweka waya. Alama ya mkondo, chanya au hasi, haina haja ya kugeuzwa. IBIS huhesabu mkondo unaoingia kwenye pini kuwa chanya, na chanzo B kilichoandikwa kwa mpangilio huo kinahesabu hivyohivyo.

Tahadhari nyingine ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa madhara. Katika IBIS herufi kubwa M ni milioni, na m ndogo ni sehemu ya elfu. SPICE haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwake M yoyote ni sehemu ya elfu, na milioni huandikwa MEG. Rezista ya 1M kwenye IBIS ukiinakili ilivyo kwenda SPICE inakuwa sehemu ya elfu ya ohm moja, yaani kipande cha waya, na kiigaji hakitakwambia neno. Tafuta kila M kwa macho yako kabla ya kuendesha chochote.

Halafu safu za min na max. Kwenye majedwali ya mkondo na kwenye Ramp, min ni chipu dhaifu na ya polepole, max ni chipu yenye nguvu na ya kasi. Kwenye C_comp na kwenye namba za kasha la chipu, yaani R_pkg, L_pkg na C_pkg, min ni namba ndogo na max ni namba kubwa, basi. Kapasitensi kubwa ndiyo inayochelewesha ishara. Kwa hiyo ukitaka hali mbaya kabisa ya upole, chukua mikondo ya min pamoja na C_comp ya max. Anayechukua safu moja kutoka juu hadi chini anachanganya mambo bila kujua.

Kazi ngumu ni ku na kd, namba mbili zinazobadilika kwa muda kati ya 0 na 1 kuonyesha transista ya juu na ya chini zimefunguka kiasi gani. Faili zuri lina mawimbi mawili ya kupanda: moja lilipatikana pini ikiwa na rezista (R_fixture), mara nyingi ya ohm 50, kwenda ethi, na lingine ikiwa na rezista hiyo kwenda Vcc. Kwa kila nukta ya muda, mkondo unaotoka kwenye rezista kuingia kwenye pini ni V_fixture, yaani volti ya upande wa pili wa rezista, kutoa volti ya wimbi, gawanya kwa R_fixture. Mkondo huo lazima ulingane na ku mara jedwali la Pullup, jumlisha kd mara jedwali la Pulldown, jumlisha diodi za ulinzi, jumlisha C_comp mara kasi ya volti kubadilika. Mawimbi mawili yanakupa milinganyo miwili, na visivyojulikana ni viwili. Mistari michache ya Python inamaliza kazi, na matokeo unayalisha kwenye nodi ku na kd kwa vyanzo vya PWL.

Usiiache ile sehemu ya C_comp kwenye mlinganyo. Wimbi la kwenye faili tayari lilicheleweshwa na kapasitensi hiyo. Ukikokotoa ku na kd bila kuitoa, kisha ukaweka kondensa ya C_comp kwenye saketi, umeihesabu mara mbili. Ukingo utakuwa mpole kuliko ulivyo, mwangwi utaonekana mdogo, na utafurahi bure.

Faili likiwa na wimbi moja tu, au Ramp peke yake, chukulia kwamba ku na kd jumla yake ni 1 na uendelee, ukijua umekisia. Ramp nayo isomwe kwa akili: namba kama 1.48/0.9n inapima kutoka asilimia 20 hadi 80 tu ya safari. Muda wote, kama ukingo ungekuwa mstari ulionyooka, ni 0.9 gawanya kwa 0.6, yaani nanosekunde 1.5.

Kipimo cha kujua kama umefaulu kimo ndani ya faili lenyewe. Funga modeli yako mpya kwenye rezista ileile ya R_fixture na V_fixture ileile, bila kasha kama faili lilipima bila kasha, endesha, kisha chora wimbi lako juu ya wimbi la kwenye faili. Yanatakiwa kulaliana. Yakiachana mwanzoni na mwishoni, kosa liko kwenye majedwali ya mkondo. Yakiachana katikati tu, kosa liko kwenye ku, kd au C_comp. Modeli ambayo haijapita hapa isiingie kwenye bodi, hata kama imetoka kwa rafiki unayemwamini.

Baada ya jasho hilo lote, angalia matunda yake. Kwenye mfano wangu hapo juu pini inapitisha miliampia 24 kwa volti 0.4, ambayo ni ukinzani wa kama ohm 17. Mstari wa bodi wenye impedansi ya ohm 50 unataka uanzie kwenye ohm 50. Pungufu ni 33, na rezista ya ohm 33 ni ya kawaida kabisa. Iweke mfululizo, karibu na pini inayotuma, uendeshe uigaji tena kwa min na max, na mwangwi utashuka mpaka usiwe na maana. Rezista hiyo ni ya bei ndogo mno. Kilicho ghali ni kuacha nafasi yake kwenye bodi kabla bodi haijaagizwa.

Touchstone itakukuta ukipima kebo. Kifaa kinachoweza kununuliwa na fundi wa kawaida ni NanoVNA, kinachoingia mfukoni na kutoa faili la .s2p. Soma mstari unaoanza na alama ya reli:

# MHz S RI R 50

Maana yake masafa ni ya megahezi, namba ni jozi za sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, na rejeo ni ohm 50. Kwenye faili la milango miwili namba hufuatana S11, S21, S12, S22, lakini kuanzia milango mitatu huandikwa safu kwa safu kama matriki ya kawaida. Anayejiandikia programu ya kusoma bila kujua hilo hugeuza kwenda kuwa kurudi. Tena NanoVNA hutuma kutoka upande mmoja tu; faili lake la .s2p mara nyingi lina sifuri kwenye S12 na S22. Ukilipeleka kwenye kiigaji hivyo, kebo yako itakuwa mlango wa kuingia tu. Geuza kebo, pima tena, unganisha mafaili mawili kuwa moja. Na kama kebo ni jozi iliyosokotwa ya ohm 100, kuichomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha ohm 50 chenye ethi ya pamoja hakukupi jozi. Weka transfoma ndogo ya kusawazisha kila upande.

Kugeuza Touchstone kuwa SPICE kunafanywa vizuri na scikit-rf, maktaba ya bure ya Python. Ina darasa la VectorFitting, linalotumia mbinu ambayo Bjørn Gustavsen na Adam Semlyen waliichapisha 1999: linatafuta mlinganyo wenye ncha kadhaa unaopita kwenye namba ulizopima, kisha linauandika kama saketi ndogo ya SPICE. Likimaliza, uliza kosa la wastani ni kiasi gani, na uliza kama saketi ni tulivu, yaani haizalishi nishati kutoka hewani. Ikiwa si tulivu, irekebishe kabla ya kuiandika, la sivyo uigaji wako utaanza kupanda wenyewe hadi kilovolti.

Lakini kwa kebo ndefu ninashauri usipite huko kabisa. Mita 30 ni nanosekunde 150. Hadi megahezi 100 awamu ya ishara inazunguka mara 15 kamili, na kila mzunguko unadai jozi yake ya ncha. Mlinganyo unavimba, uigaji unakuwa mzito, na betri ya kompyuta inaisha umeme haujarudi. Andika hivi:

T1 a1 a2 b1 b2 Z0=100 TD=150n

Mstari huo mmoja unabeba ucheleweshaji na impedansi bila shida. Upotevu wa kebo ongeza kwa rezista pembeni. Ubaki na Touchstone kwa vitu vifupi vyenye umbo gumu, kama soketi na viunganishi.

SPICE kwenda SPICE nako kuna magugu. Modeli iliyoandikwa kwa PSpice hukataliwa na ngspice kwa sababu ya lahaja; mara nyingi inatosha kuweka set ngbehavior=psa kwenye faili la .spiceinit, au ltpsa kama kuna mchanganyiko na LTspice. Ukifungua modeli ukakuta herufi zisizosomeka, imefungwa kwa siri na mtengenezaji. Usipoteze siku kuifungua. Mwandikie umuombe IBIS.

Kutoka SPICE kwenda IBIS ipo programu ya s2ibis3 ya North Carolina State University. Ni ya wanaobuni chipu. Wewe unayenunua chipu huna kazi nayo.

Mwisho, kila faili uliloligeuza lianze na mistari ya maelezo: jina la faili la asili, toleo lake, ulilitoa kwa nani na tarehe gani, umetumia safu zipi, na picha ya wimbi la kuthibitisha iko wapi. Faili la asili lisifutwe wala lisihaririwe. Mwenzako wa Koboko akikuomba modeli, mtumie mafaili yote mawili pamoja, na mwambie alipitishe lililogeuzwa kwenye kipimo cha ohm 50 yeye mwenyewe kabla hajaagiza bodi.